Kanisa la Mkunazini na Soko Lililolitangulia

Ukiingia Mji Mkongwe wa Unguja kutoka upande wa Darajani, mwendo mfupi tu unakufikisha Mkunazini, na hapo, juu ya mapaa ya nyumba zilizobanana, unauona mnara wa kanisa. Hilo ni Kanisa Kuu la Anglikana, lililowekwa wakfu kwa jina la Kristo, lakini mjini hujulikana zaidi kwa jina la mtaa wake: Kanisa la Mkunazini. Jiwe lake la msingi liliwekwa siku ya Krismasi ya mwaka 1873. Miezi sita na ushee kabla ya siku hiyo, uwanja ule ule ulikuwa soko la watumwa.

Habari za jengo hili husimuliwa mara nyingi kwa ufupi mno: soko liliondoka, kanisa likaingia, utumwa ukaisha. Mambo mawili ya kwanza ni kweli. La tatu si kweli, na tofauti hiyo ndiyo inayolifanya jengo hili listahili kusomwa kwa utulivu, hatua kwa hatua, badala ya kuachwa mikononi mwa sentensi moja ya watembezaji wageni.

Msomaji wa Katana au wa Bukavu ana haki ya kuuliza kanisa la kisiwani linamhusu nini. Linamhusu kwa njia mbili. Kwanza, Kiswahili kilifika kwetu Kongo ya mashariki kwa misafara iliyotoka pwani, ikapita Tabora na Ujiji, ikavuka ziwa Tanganyika na kuingia Maniema mpaka Kasongo na Nyangwe. Na misafara hiyo iliporudi ilibeba pembe za ndovu, tena ilikokota watu. Pili, Mapadri Weupe, walioanzisha misheni za Bushi mwanzoni mwa karne ya 20, Katana ikiwa mojawapo, walishika njia hiyo hiyo. Msafara wao wa kwanza ulifika Unguja mwaka 1878, ukavuka kwenda Bagamoyo, na mwanzoni mwa mwaka 1879 baadhi yao walikuwa Ujiji. Walipopita Unguja, kanisa la Mkunazini lilikuwa limekwisha kusimama, ingawa kazi haijakamilika.

Tuanze na sababu za soko lenyewe, maana kanisa lilikuja kwa ajili yake. Biashara ya watumwa katika mwambao ni ya kale kuliko Usultani wa Unguja, lakini ukubwa wake wa karne ya 19 ulitokana na mambo mapya. Visiwa vya Mauritius na Réunion vilikuwa na mashamba ya miwa yaliyotaka vibarua wasiolipwa. Arabuni na Ghuba kulikuwa na wanunuzi wa muda mrefu. Kisha Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman, akahamishia makao yake Unguja kati ya miaka ya 1830 na 1840, na katika kipindi hicho mikarafuu ikaenea Unguja na Pemba. Karafuu ni zao la haraka: matumba huchumwa kwa mkono kabla ua halijafunuka, na mwenye shamba huhitaji watu wengi kwa majuma machache. Mashamba yalipoongezeka, mahitaji ya watu yaliongezeka, na visiwa vyenyewe vikawa wanunuzi wakubwa.

Waingereza, waliokwisha kupiga marufuku biashara hiyo katika himaya yao, walimbana Said kwa mikataba. Mkataba wa mwaka 1822 ulikataza kuwauzia watumwa mataifa ya Kikristo. Ule wa mwaka 1845 ulikataza kuwapeleka nje ya milki yake ya Afrika Mashariki. Mikataba hii ilikuwa na tundu kubwa: kuwasafirisha watu kutoka bara hadi visiwani, ndani ya milki ya Sultani, kulibaki halali. Majahazi yaliyotoka Kilwa yaliendelea kutia nanga Unguja bila kificho, na baadhi ya waliopitia hapo walitoroshwa kwenda kaskazini. Wanahistoria wanakadiria kwamba katika miaka ya 1860 karibu watu 20,000 waliingizwa Unguja kila mwaka. Wengi wao walitoka nchi za Ziwa Nyasa, kupitia Kilwa. Watu wa Maniema waliofikishwa mpaka pwani walikuwa wachache kuliko hao, kwa sababu wengi waliokamatwa huko walibakizwa njiani na kwenye mashamba ya wafanyabiashara karibu na Tanganyika.

Soko halikukaa mahali pamoja siku zote. Kumbukumbu za mji hutaja uwanja wa Kelele, huko Shangani, kuwa mahali pa mauzo hapo awali, kabla ya shughuli hiyo kuhamia Mkunazini, pembeni mwa mji wa wakati ule, karibu na hori lililoutenga mji na Ng'ambo. Wageni waliolishuhudia waliandika kwamba mauzo yalifanyika alasiri, katika uwanja wa wazi, watu wamepangwa kwa safu, dalali akitangaza bei na wanunuzi wakiwakagua meno, mikono na mwendo. Tuukumbuke uwanja huo wa wazi, kwa sababu utatusaidia kuamua jambo fulani mbele.

Upande wa pili wa kisa hiki unaanzia Uingereza. Tarehe 4 Desemba 1857, David Livingstone alihutubia Chuo Kikuu cha Cambridge na kuwaomba vijana wa huko wapeleke dini na biashara halali Afrika ya kati, akiamini kwamba viwili hivyo pamoja vingeua biashara ya watu. Kutokana na wito huo kikaundwa Chama cha Misheni ya Vyuo Vikuu kwa Afrika ya Kati, kilichojulikana kwa herufi zake za Kiingereza, UMCA. Askofu wake wa kwanza, Charles Mackenzie, alifika na wenzake Magomero, katika Malawi ya leo, mwaka 1861. Njiani, yeye na Livingstone walikutana na msafara wa mateka, wakawafungua. Miongoni mwa waliofunguliwa alikuwamo kijana wa Kiyao aliyeitwa Chuma, ambaye tutakutana naye tena. Mackenzie mwenyewe alikufa kwa homa Januari 1862, na misheni ya Magomero ikavunjika.

Mrithi wake, William Tozer, alifanya uamuzi uliolaumiwa sana wakati ule, na Livingstone alikuwa mmoja wa waliolaumu. Aliacha bonde la mto Shire akahamia Unguja, alikofika mwaka 1864 pamoja na padri Edward Steere. Wakosoaji waliuona huo kuwa woga. Mimi naona Tozer alipima sawasawa: misheni isiyo na njia ya uhakika ya chakula, barua na dawa haikuweza kudumu, na Unguja ndiko njia zote za bara zilikokutania. Sultani Majid, mwana wa Said, alimkabidhi wavulana watano waliookolewa kutoka jahazi la watumwa, na hao wakawa wanafunzi wa kwanza. Mmoja aliitwa John Swedi. Shule ya wavulana ikajengwa Kiungani, nje kidogo ya mji, na baadaye shamba la Mbweni likanunuliwa kwa ajili ya makazi ya watu waliookolewa na manowari za Kiingereza.

Steere alikuwa mwanasheria kwa elimu yake ya kwanza, na alikuwa na subira ya mwanasheria. Alikaa na wazee na vijana wa Unguja, akaandika maneno na hadithi zao, na mwaka 1870 akachapisha kitabu cha sarufi na msamiati wa Kiswahili pamoja na mkusanyo wa ngano za Waswahili. Aliandika lugha ya Unguja kama alivyoisikia, wakati Johann Ludwig Krapf, aliyemtangulia, alikuwa amefanya kazi yake upande wa Mombasa. Baadaye sana, mwaka 1928, wajumbe wa serikali za kikoloni walipokutana Mombasa kuchagua lahaja ya kusanifishwa, walichagua Kiunguja. Si Steere pekee aliyesababisha uamuzi huo, kwani biashara ilikuwa imekwisha kukieneza Kiunguja bara, lakini vitabu vya misheni yake vilikuwa vimeweka msingi wa maandishi. Naye ndiye aliyelijenga kanisa la Mkunazini.

Sasa tufike mwaka 1873. Kwa nini soko lilifungwa mwaka huo, baada ya nusu karne ya mikataba yenye matundu? Maelezo ya kawaida ni dhamiri: ripoti za Livingstone na za wengine ziliwachoma watu wa Uingereza, kamati ya Bunge lao ikachunguza mwaka 1871, na serikali ikamtuma Sir Bartle Frere Unguja. Maelezo hayo ni ya kweli, lakini peke yake hayatoshi, kwa maana dhamiri hiyo ilikuwapo tangu zamani. Wengine wanasisitiza maslahi: Mfereji wa Suez ulikuwa umefunguliwa mwaka 1869, Bahari ya Hindi ikawa na thamani mpya, na kuidhibiti Unguja kulikuwa na faida. Jambo la tatu halitajwi sana. Aprili 1872 kimbunga kikubwa kiliipiga Unguja, kikang'oa sehemu kubwa ya mikarafuu na kuharibu merikebu za Sultani. Barghash bin Said, aliyetawazwa mwaka 1870, alijikuta maskini na dhaifu kwa wakati mmoja. Maoni yangu ni kwamba dhamiri iliuleta ujumbe, na udhaifu wa Sultani ndio uliouwezesha kushinda.

Hata hivyo Barghash hakukubali mara moja. Frere alifika Januari 1873 akaondoka bila saini. Ni balozi John Kirk aliyeyamaliza, akiwa na tishio mkononi: Sultani asipotia saini, manowari za Kiingereza zitakizingira kisiwa. Tarehe 5 Juni 1873 Barghash alitia saini. Mkataba ulipiga marufuku kusafirisha watumwa kwa bahari na ukafunga masoko yote ya hadhara katika milki yake, na la Mkunazini likafungwa mara. Livingstone hakuziona siku hizo. Alikuwa amekufa tarehe 1 Mei mwaka huo huo, katika kijiji cha Chitambo, Zambia ya leo, na habari ya kifo chake ilikuwa bado haijafika pwani.

Uwanja ulipobaki mtupu, misheni ilichukua hatua upesi. Sehemu moja ilinunuliwa na mmisionari Arthur Nugent West. Sehemu nyingine ilitolewa na mfanyabiashara wa Kihindi anayetajwa katika kumbukumbu kwa jina la Jairam Senji. Steere alianza kuhubiri kwa Kiswahili ndani ya banda la udongo lililojengwa hapo hapo sokoni, kabla hata ya kanisa kuanza. Watu wa mji walikuja kumsikiliza, wengine wakahojiana naye. Sultani Mwislamu hakuuzuia ujenzi wa kanisa ndani ya mji wake, na hilo halikuwa jambo dogo. Baba yake na kaka yake nao walikuwa wamewapokea wamisionari, mradi waheshimu utawala.

Jiwe la msingi likawekwa Krismasi ile ya 1873. Mwaka uliofuata Tozer alikuwa amekwisha kujiuzulu kwa sababu ya afya, na Steere akawekwa wakfu kuwa askofu Agosti 1874. Mchoro wa awali ulikuwa wa mbunifu wa Kiingereza, C. F. Hayward, lakini Steere aliugeuza kila alipoona hali ya kisiwa inataka hivyo, na hapa ndipo jengo linapoanza kuvutia kweli.

Ili kuelewa alichokifanya, inafaa kwanza kujua jinsi nyumba ya Mji Mkongwe inavyojengwa. Kuta zake ni mawe ya matumbawe yaliyochimbwa kisiwani, yaliyoshikizwa kwa chokaa iliyochomwa kutokana na matumbawe hayo hayo. Dari yake hubebwa na boriti, yaani miti ya mikoko. Boriti ni ngumu na haiogopi mchwa kirahisi, lakini urefu wake una mpaka: hauzidi mita tatu au karibu na hapo. Ndiyo maana vyumba vya nyumba za kale za mwambao ni virefu na vyembamba. Mwashi wa Unguja aliweza kukujengea ukuta wa kudumu karne, lakini ukumbi mpana usio na nguzo katikati ulimshinda, kwa kosa la mti, si la ujuzi wake.

Kanisa kuu lilihitaji ukumbi mpana. Mbao ndefu zingeweza kuletwa kutoka Ulaya au Bara Hindi, kwa gharama kubwa na kwa hatari ya kuoza. Steere alichagua njia nyingine. Alichanganya matumbawe yaliyopondwa na saruji, akaumwaga mchanganyiko huo juu ya kiunzi cha mbao ili kufanya tao moja kubwa linaloanzia ukuta mmoja hadi wa pili, mfano wa pipa lililopasuliwa kwa urefu na kulazwa juu ya kuta. Leo zege ni jambo la kila siku hata vijijini. Katika Unguja ya miaka ya 1870 lilikuwa jaribio la ujasiri. Husimuliwa kwamba wengi mjini waliamini dari lingeanguka siku ambayo nguzo za chini zingeondolewa. Zikaondolewa, na dari likabaki. Bado liko.

Sura ya nje nayo ni ya mchanganyiko. Madirisha na matao yanachukua umbo la Kigothi la makanisa ya Uingereza, lakini kuna mapambo na mistari inayofanana na ya majengo ya Kiarabu ya jirani. Baadhi ya waandishi huona hapo nia ya askofu ya kuwaridhisha watu wa mji. Wengine husema ni matokeo tu ya mikono: mwashi aliyezoea kuchonga nakshi na matao ya Unguja huchonga anavyojua. Maelezo haya mawili hayapingani, na la pili halipaswi kudharauliwa, kwa sababu Steere hakuleta waashi kutoka Uingereza kwa wingi. Jengo lilipandishwa na mafundi wa mji pamoja na watu walioachwa huru, baadhi yao wakiwa wanafunzi wake.

Hapo ndipo inapoingia hadithi ya nguzo. Karibu na mlango wa magharibi kuna nguzo ambazo zinasemwa kuwa zimesimamishwa juu chini, kichwa kikiwa chini na kitako juu. Inasemekana wajenzi walizisimamisha hivyo askofu alipokuwa safarini, naye aliporudi akaamua kuziacha. Je, yawezekana? Kwa upande wa tarehe, inawezekana kabisa. Mwaka 1875 Steere alikwenda bara kutafuta njia ya nchi ya Wayao, na mkuu wa msafara wake alikuwa Chuma, yule kijana aliyefunguliwa mwaka 1861, ambaye baadaye alikuwa mmoja wa walioubeba mwili wa Livingstone mpaka pwani. Mwaka 1876 Steere alisafiri tena, safari hii akiwa na kundi la watu walioachwa huru waliotaka kurudi bara, na wengi wao wakakaa Masasi. Kwa hiyo askofu hakuwapo kwa vipindi virefu wakati kuta zikipanda. Ninachokikataa ni jinsi hadithi hiyo inavyotumiwa kuwacheka wajenzi. Walipewa nguzo za mtindo ambao hawajapata kuuona, mwenye mchoro hayupo. Na kazi yao iliyobaki, kuta na tao lile kubwa, haijapata kumwangusha mtu.

Krismasi ya mwaka 1877 ibada ilifanyika ndani ya jengo, na kazi ikaendelea hadi karibu mwaka 1880. Mwaka 1879 John Swedi, mmoja wa wale wavulana watano wa mwaka 1864, akawekwa kuwa shemasi, Mwafrika wa kwanza kufikia daraja hilo katika misheni hii. Steere hakuishi muda mrefu baada ya hapo. Alikufa ghafla Agosti 1882, akazikwa nyuma ya altare ya kanisa alilolijenga.

Kuhusu mnara, watembezaji husema Sultani Barghash alilizawadia kanisa saa yake kwa sharti kwamba mnara usizidi urefu wa Jumba la Maajabu, Beit al-Ajaib. Zawadi ya saa inapatana na tabia ya Barghash, aliyependa vyombo vya kisasa na aliyeleta maji ya bomba mjini. Sharti ndilo linalohitaji kupimwa. Jumba la Maajabu lilijengwa mwaka 1883, miaka kadhaa baada ya kanisa kuanza kutumika. Basi ama mnara ulimaliziwa nyuma ya tarehe hiyo, ama Sultani alizungumzia jumba lake jingine, ama watu wa baadaye, waliozoea kuyaona majengo yote mawili, waliunganisha visa viwili kuwa kimoja. Mimi naelekea hilo la tatu.

Tumefika penye lile dai la tatu la mwanzo, kwamba utumwa uliisha. Mkataba wa 1873 ulifunga soko. Haukumwachia huru mtumwa hata mmoja aliyekuwa tayari shambani. Aliyeamka mtumwa tarehe 5 Juni alilala mtumwa. Biashara nayo ilijificha. Kaskazini mwa mji, Mangapwani, bado kuna chumba kilichochimbwa ndani ya mwamba wa matumbawe karibu na bahari, kikaezekwa kwa mawe, ambamo watu walifichwa usiku wakisubiri majahazi. Chumba hicho kilitengenezwa baada ya soko kufungwa. Kwa maneno mengine, wakati mafundi wa Mkunazini wakimalizia kanisa, mafundi wengine wa kisiwa kile kile walikuwa wakijenga maficho ya watumwa.

Mwaka 1876 Barghash alitoa matangazo ya kupiga marufuku misafara ya watumwa kutoka bara, na huko nako misafara ikatafuta njia za pembeni. Unguja iliwekwa chini ya ulinzi wa Uingereza mwaka 1890, na sasa Waingereza wenyewe wakawa na uwezo wa kuutangaza mwisho. Hawakuharakisha. Walihofia zao la karafuu na mapato ya serikali. Amri ya kuufuta utumwa kisheria ilitoka Aprili 1897, na hata hiyo ilimtaka mtumwa mwenyewe aende mahakamani kuomba uhuru wake, wakati bwana akilipwa fidia. Masuria waliachwa nje ya amri hiyo mpaka mwaka 1909. Kutoka kuwekwa kwa jiwe la msingi hadi mwaka huo ni miaka 36, umri wa mtu mzima.

Katikati ya miaka hiyo, mwaka 1890, Cecil Majaliwa, Myao aliyekuwa mtumwa utotoni, alipewa upadri, wa kwanza kwa Mwafrika katika misheni hii. Alifanya kazi miaka mingi bara, upande wa mto Ruvuma. Nalitaja hili kwa sababu habari za kanisa hili hujaa majina ya maaskofu wa Kiingereza, ilhali Swedi na Majaliwa ndio waliojua kwa miili yao utumwa ulikuwa nini.

Ndani ya kanisa, sakafuni mbele ya altare, kuna duara la marumaru nyeupe. Wageni huambiwa kwamba hapo palikuwa na mti ambao watumwa walifungwa na kuchapwa kabla ya kuuzwa, ili asiyelia apandishwe bei. Mapokeo haya ni ya zamani, na misheni yenyewe iliyaheshimu kwa kuiweka altare mahali hapo. Wanaoyatilia shaka wana hoja nzito: dalali aliyetaka bei nzuri aliwapaka watu mafuta na kuwavisha nguo safi, na majeraha mapya mgongoni yangemwambia mnunuzi kwamba huyu ni mkaidi. Mti ungeweza kuwapo, na viboko bila shaka vilikuwapo, kwa maana hakuna utumwa bila kiboko. Lakini kwamba kupigwa kulikuwa sehemu ya mnada ni jambo ambalo lingehitaji ushahidi wenye nguvu kuliko uliopo. Msalaba wa mti uliotundikwa kwenye nguzo ya karibu una asili inayoeleweka zaidi: umechongwa kutoka mti wa Chitambo ambao wasaidizi wa Livingstone waliuzika moyo wake chini yake kabla ya kuubeba mwili. Mti huo ulikatwa mwishoni mwa karne ya 19, ulipoanza kuoza.

Karne ya 20 naipita haraka. Kanisa liliendelea kuwa makao ya askofu wa Unguja, likavuka mapinduzi ya mwaka 1964, likabaki na waumini wachache katika kisiwa ambacho karibu watu wote ni Waislamu. Mwaka 1998 mchongaji wa Kiswidi, Clara Sörnäs, aliweka uani sanamu za watumwa watano waliosimama ndani ya shimo, wameunganishwa kwa mnyororo wa shingoni. Mwaka 2000 Mji Mkongwe wote uliandikwa na UNESCO kuwa urithi wa dunia. Lakini jengo lilikuwa linaumwa. Maji yalipenya kwenye tao la Steere na kuharibu kuta, na viraka vya saruji ngumu vilivyopigwa miaka ya nyuma juu ya matumbawe viliufungia unyevu ndani, kwa kuwa ukuta wa chokaa unahitaji kupumua. Mfuko wa Dunia wa Makumbusho ya Kale uliliweka kanisa katika orodha yake ya majengo ya kuangaliwa mwaka 2014, na matengenezo yakafanyika kwa misaada ya nje, chokaa ikirudishwa mahali pa saruji. Mwaka 2016 yakafunguliwa hapo maonyesho ya historia ya biashara ya watumwa ya Afrika Mashariki.

Maonyesho hayo yako katika jengo la Mtakatifu Monika, kando ya kanisa, na chini ya jengo hilo kuna vyumba viwili vya dari fupi, vyenye vijidirisha vyembamba na minyororo. Kwa miaka mingi wageni wameteremshwa humo na kuambiwa kwamba ndimo watumwa walimofungiwa kwa siku kadhaa kabla ya mnada. Wengi hutoka wakilia, na sithubutu kulidharau chozi hilo. Lakini jengo la Mtakatifu Monika lilijengwa na misheni kuwa hospitali mwishoni mwa karne ya 19, kama miaka 20 baada ya soko kufungwa. Wanaotetea masimulizi hujibu kwamba vyumba huenda ni vya kale kuliko jengo, kwamba misheni ilijenga juu ya kilichokuwapo. Wanaopinga husema vyumba na kuta za juu ni kazi moja, na kwamba hospitali ilihitaji ghala la baridi la dawa. Nimeyapima yote mawili, na naona uzito uko kwa wanaopinga, kwa kuwa mashahidi wa miaka ya 1850 na 1860 waliolieleza soko waliandika juu ya uwanja, safu na dalali. Mauzo yalifanyika juu, katika eneo ambalo leo limefunikwa na kanisa, bustani na hospitali ya zamani, na wale ambao hawakupata mnunuzi jioni ile walirudishwa kulala katika nyumba za wafanyabiashara waliowaleta, humo humo mitaani.